Kadenge Hatukumwona, Tulimsikia

Wengi waliomlilia mwanakandanda Joe Kadenge hawakuwahi kumwona akicheza. Alipofariki Julai 2019, enzi zake za miaka ya 1960 zilikuwa zimekwenda mbali, na huku Malindi na Kilifi ni wachache mno waliowahi kuketi uwanjani Nairobi wakamshuhudia. Sisi tulimjua kwa redio. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alitangaza “Kadenge na mpira!” kwa namna ambayo msikilizaji aliiona chenga kwa masikio, na hata leo mtoto akiukokota mpira mchangani huitwa kwa jina la mtu aliyestaafu kabla ya baba yake kuzaliwa. Kwa hiyo anayemkumbuka mchezaji amkumbuke na mtangazaji. Mambo naye alituaga Februari 2025, na nusu ya machozi yale ni haki yake. Mwambao wetu umelea mafundi wa kandanda ambao hawakupata sauti kama ile, na hilo linaniuma. Wazee waliowaona wangali barazani, bao wanalikumbuka na aliyetoa pasi pia. Vijana, nawasihi, waulizeni majina sasa, muyaandike.