Mvua Ikinyesha, Utafanyaje?

Wengi huanza mazoezi kwa shauku. Kisha masika yanaingia, foleni inawafikisha nyumbani usiku, mtoto anashikwa na homa, na raba zinabaki chini ya kitanda. Tunawaita wavivu, na hapo tunawaonea. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu hushikilia jambo gumu kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza, na imani hiyo hujengwa hasa kwa kufanya na kufaulu, hata kwa kidogo. Kumwona mtu wa hali yako akiweza nako kunasaidia: jirani mwenye genge, anayetembea mwendo wa haraka kila akishafunga, hukutia moyo kuliko bingwa wa mbio kwenye televisheni.

Nia unayo. Panga sasa utafanya nini kizuizi kikija. Kamba ya kuruka itundike msumarini barazani, ikusubiri siku ya mvua. Foleni ikikuchelewesha, shuka kituo kimoja kabla, umalizie kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 hausisitizi tena zifanywe kwa vipindi vya angalau dakika 10 mfululizo. Hata dakika chache za kupanda ngazi zinahesabika.

Ukiugua ukakosa wiki nzima, usirudi kwa kasi ileile. Anza na nusu yake, ili siku ya kwanza uimalize.