Kiasi Katika Vitu Vyema

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Kutoka 16:14–24, Mhubiri 11:7, Mithali 25:16, 27, 1 Wakorintho 6:19, 20, 2 Wafalme 20:1–7, Wagalatia 5:22, 23.

Fungu la Kukariri: Mithali 25:16. Kila mmoja alisome katika Biblia yake.

Fikiria bibi mmoja wa Misungwi, shemasi na kiongozi wa Dorkasi kanisani kwake. Mwanawe aliyeko ng'ambo amemtumia chupa mbili za vidonge vya vitamini D, kwa sababu mama alilalamika kwenye simu kwamba magoti yanauma. Bibi hawezi kusoma lugha iliyo kwenye chupa, basi anameza kama alivyozoea kumeza dawa za zahanati: kutwa mara tatu. Chupa ya pili anawagawia akina mama wenzake wa Dorkasi, maana kitu kizuri hakiliwi peke yako.

Baada ya miezi mitatu hamu ya chakula imemtoka. Ana kiu isiyokatika, usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo, choo kimekuwa kigumu na kichwa ni kizito. Majirani wanasema ni kisukari. Wengine wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna anayeitazama chupa, kwa kuwa ndani yake mna vitamini, na vitamini ni kitu chema.

Waadventista wengi wakisikia neno kiasi hufikiri pombe na tumbaku. Lakini hivyo ni vya kuachwa kabisa. Somo la juma hili linauliza jambo jingine: kiasi kina kazi gani pale ambapo kitu chenyewe ni chema?

JUMAPILI: Pishi Moja kwa Kila Mtu

Soma Kutoka 16:14–24. Kwa nini Bwana aliweka kipimo kwenye chakula alichokitoa Yeye mwenyewe?

Mana ilishuka kutoka mbinguni. Haikuwa na sumu, wala haikuwa najisi. Hata hivyo iliamriwa ipimwe, pishi moja kwa kila mtu. Waliobakiza hadi asubuhi bila kuagizwa waliikuta ina mabuu na inanuka. Mana ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijipangia kipimo chake.

Angalia pia siku ya sita. Siku hiyo walikusanya maradufu, na sehemu iliyohifadhiwa kwa ajili ya Sabato haikuoza. Kwa hiyo kingi chenyewe hakikuwa dhambi. Kulikuwa na wakati wa kipimo kikubwa, lakini aliyekiagiza ni Yeye ajuaye, si mkusanyaji.

Ni zawadi gani za Mungu ambazo waumini hudhani hazihitaji kipimo?

JUMATATU: Zawadi ya Jua

Soma Mhubiri 11:7. Mwanga wa jua unaufaidi mwili kwa namna gani?

Misungwi iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Akina mama wanaoanika dagaa ufukweni hawahitaji kuelezwa jua ni nini. Miale yake inapogusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo husaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya kujenga mifupa. Sehemu ndogo hutoka pia kwenye samaki, kiini cha yai na uyoga uliokaushwa juani.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu wanaoishi kwa desturi za asili na kushinda nje. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati 50 huhesabiwa kuwatosha watu wengi. Aliyekuwa na kiwango cha juu kuliko wote alifikia 171, na sumu ya vitamini D kwa kawaida huonekana kwenye viwango vinavyozidi 375. Nao hawakujianika makusudi. Jua likiwa kali walitafuta kivuli.

Kwa nini jua halikuwazidishia? Kwa sababu Muumba ameweka kizuizi ndani ya ngozi. Kiasi kikitosha, jua lilelile huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na nguvu ya vitamini. Hata hivyo jua nalo lina kipimo chake, maana huunguza ngozi. Watoto wenye ualbino wanaosoma katika Shule ya Msingi Mitindo, hapohapo Misungwi, wanahitaji kofia, mikono mirefu na kivuli.

JUMANNE: Asali Inapozidi

Soma Mithali 25:16, 27. Mwenye hekima anasema nini kitatokea kwa mtu aliyepata asali na asijue kuacha?

Kidonge hakipitii kwenye ngozi, hivyo kizuizi cha jana hakifanyi kazi. Tena vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na huweza kukaa humo kwa majuma mengi, hata miezi. Anayezidisha kila siku anarundika. Mwisho wake kalsiamu hupanda kwenye damu. Hapo huja kichefuchefu na kutapika, kiu, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, udhaifu na kuchanganyikiwa. Ikiendelea, mawe hujengeka kwenye figo, figo zinaweza kushindwa, na mapigo ya moyo huvurugika.

Jambo hili liliwahi kulipata taifa zima. Miaka ya 1950 nchini Uingereza, maziwa ya unga na vyakula vya nafaka vya watoto viliongezwa vitamini D ili kuzuia matege, na juu yake watoto walipewa mafuta ya ini la samaki. Kila chakula kilitolewa kwa nia njema, lakini vyote vilipojumlishwa vilizidi. Madaktari wakaanza kuona watoto wachanga wenye kalsiamu nyingi kwenye damu, wanaotapika na wasiokua. Kiasi kilichoongezwa kikapunguzwa.

Nia njema ya mzazi wa watoto wale haikuweza kushusha kalsiamu. Upendo wahitaji maarifa.

JUMATANO: Hekalu na Chupa

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Kama mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, mlinzi wa hekalu anapaswa kujua nini kabla ya kuingiza kitu ndani?

Kwanza, ajue kusoma kipimo. Kwenye chupa vitamini D huandikwa kwa herufi IU, yaani yuniti za kimataifa, au mcg, yaani mikrogramu. Yuniti 40 ni sawa na mikrogramu 1. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipanga viwango hivi kwa siku: mtoto mchanga yuniti 400, mtu mzima 600, na aliyepita miaka 70 yuniti 800. Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya daktari ni 4,000. Cha mtoto aliye chini ya miezi sita ni 1,000.

Vidonge vya bibi vilikuwa vya yuniti 10,000 kila kimoja. Vitatu kwa siku ni 30,000, mara saba na nusu ya kikomo.

Pili, ajumlishe. Vitamini D imo pia katika vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, katika baadhi ya vidonge vya kalsiamu, na katika mafuta ya ini la samaki.

Tatu, aseme anachotumia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo huifanya kalsiamu ibaki mwilini. Mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kupata mawe ya figo, na mwenye kifua kikuu wasianze bila daktari.

Nne, kidonge cha mtu mzima asipewe mtoto, wala kilichoandikwa kwa ajili ya mmoja asigawiwe mwingine.

ALHAMISI: Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Kwa nini nabii, akiisha kupokea ahadi ya Mungu, aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme?

Isaya hakuona mgongano kati ya maombi na tiba. Wapo wanaohitaji vitamini D kweli: wazee wasiotoka ndani, wagonjwa waliolala muda mrefu, watoto waliofungiwa ndani hadi wakapata matege. Hao wakipimwa na kupewa kipimo chao, na wameze kwa shukrani. Daktari anaweza hata kuagiza kidonge cha yuniti 50,000 mara moja kwa juma kwa muda mfupi, kama mana ya siku ya sita.

Lakini vitamini isipewe nafasi isiyo yake. Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D, waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini D, jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Kilichowasaidia kuishi ni dawa zao za VVU. Asiwepo anayeacha dawa yake kwa kutumainia chupa ya vitamini.

Yule bibi alipelekwa hospitali na mjukuu wake, aliyebeba chupa mkononi. Sukari ilikuwa sawa. Kalsiamu ndiyo iliyopanda. Akaambiwa aache vidonge, akawekewa maji ya dripu, akarudi mara kwa mara kupimwa. Kiu ilipungua taratibu, maana kilichorundikwa miezi mitatu hakitoki kwa siku tatu.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1905 Ellen G. White, akiandika kuhusu huduma ya uponyaji, aliweka mwanga wa jua na kiasi katika orodha moja ya tiba za asili. Soma sehemu hiyo, kisha Wagalatia 5:22, 23. Kiasi ni tunda la Roho; hakiuzwi kwenye chupa.

Bibi alikuwa amebakiwa na kazi moja ngumu kuliko kulazwa. Sabato iliyofuata, kabla ya madarasa kugawanyika, alisimama mbele ya kanisa na kusema, "Akina mama, zile dawa niliwapa kwa upendo, lakini niliwapa bila kujua. Naomba mnirudishie, na kila aliyemeza aende akapimwe." Wawili walikuwa wamezitoa kwa wajukuu.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni kipi kigumu zaidi, kutoa zawadi au kuiomba irudi? Bibi angenyamaza kwa kuona aibu, nani angeumia?

2. Darasa linaweza kumsaidiaje muumini asiyeweza kusoma maandishi ya kwenye chupa, bila kumdhalilisha?

3. Mgonjwa akisema kwamba kumwendea daktari ni kupungukiwa imani, utamjibu nini kutoka 2 Wafalme 20?

4. Kabla ya Sabato ijayo, kila mmoja aangalie vidonge vilivyoko nyumbani kwake. Vimepimwa na nani, kwa ajili ya nani, na hadi lini?