Bega Moja, Wenyewe Watatu

Ilikuwa mechi ya tatu ya softiboli siku hiyo, na msichana yuleyule alikuwa bado amesimama kwenye kibao cha mrushaji, akizungusha mkono na kuachilia mpira. Uwanja ni wa shule moja upande wa Manyatta, kaunti ya Embu, mahali ambapo mashamba ya chai yanateremka hadi karibu na madarasa. Mama yake alifika na eproni ya plastiki kiunoni, ametoka moja kwa moja kwenye kituo cha kuuzia majani. Alitazama kwa muda mfupi, akavuka mstari wa chokaa, akamshika binti yake mkono.

"Mwalimu, huyu ametosha leo."

"Mama, zimebaki awamu mbili tu. Nikimtoa hapa tumeshindwa."

"Jana jioni aliteka maji mtoni mara tatu, Mwalimu. Hilo wewe hukuliona."

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka. Namfahamu, na si mtu wa kudharau watoto. Ana timu ya wasichana walioanza juzijuzi, glavu chache zinazopokezanwa, na gongo lililochongwa na fundi wa mtaani kutokana na mbao za mukima, mti ule wa kivuli tunaoupanda kwenye kahawa. Kati ya wasichana wote hao, ni huyu mmoja tu anayeweza kupitisha mpira mahali unapotakiwa kupita, mara kumi kwa kumi. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, na shule nzima imekuja kutazama, ni rahisi sana kusahau kwamba ana bega.

Wiki chache baadaye nilikuwa Nkubu, kaunti ya Meru, kwa shemeji yangu. Nilimkuta amekasirika kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kocha wa binti yake alikuwa amemwondoa kwenye urushaji muhula mzima. Alimpeleka uwanja wa nje, akamwambia ajifunze kudaka, kukimbia na kupiga. "Mtoto wangu ni mrushaji," shemeji aliniambia huku akinionyesha video kwenye simu. "Huyu kocha ananiulia kipaji."

Basi, Embu mzazi alitaka mtoto apumzike na kocha akasita. Meru kocha alitaka mtoto apumzike na mzazi akakataa. Nimezisikia hoja za pande zote mbili kwa miaka, katika mbio, katika voliboli, na sasa katika softiboli, na kila mara watu huuliza nani anajua zaidi kati ya mzazi na kocha. Swali hilo limetupotezea muda. Siku ile ya Manyatta mzazi ndiye aliyejua. Nkubu ni kocha.

Softiboli bado ni ngeni kwetu. Kizazi changu kilicheza raunda na kati, tena kati kwa mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa karatasi za nailoni, na msichana aliyesimama katikati alijifunza kukwepa kabla hajajifunza kurusha. Mtaala wa CBC umeiweka softiboli katika somo la michezo la shule za msingi, ndiyo maana leo unaweza kukuta mtoto wa Runyenjes au Igoji anayeurusha mpira kwa mtindo ambao mzazi wake hajawahi kuuona popote. Mwalimu naye mara nyingi ameujifunza kwenye simu. Wanabishana juu ya jambo ambalo wote wawili wanalifahamu nusunusu, na hapo ndipo sauti hupanda.

Tuanze na mkono wenyewe. Mrushaji wa softiboli harushi mpira kutoka juu ya bega kama anayelenga embe mtini. Mkono huzunguka duara zima, kutoka mbele kwenda juu, ukashuka nyuma, na mpira huachiliwa karibu na nyonga. Mpira wenyewe una mzunguko wa takriban sentimita 30 na uzito usiofika gramu 200, na kwa wasichana wa shule za upili huko Marekani husafiri kama mita 13 tu hadi kwa mpigaji. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba kwa kuwa mkono unatoka chini, hauwezi kuumia. Kwa sababu hiyo mrushaji mmoja aliachwa arushe mechi baada ya mechi, wikendi nzima. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya nguvu zinazolivuta bega wakati wa duara lile, wakakuta zinakaribia uzito wa mwili wa mrushaji mwenyewe. Hebu fikiria mwili mzima ukining'inia kwenye bega kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha tena, kisha tena. Maumivu mara nyingi huanzia mbele ya bega, pale msuli wa mkono unapojishikiza, na mtoto huyaita uchovu.

Wanaotaka mtoto arushe bila kikomo wana kisa chao wanachokipenda, nami pia nakiheshimu. Katika Olimpiki za Beijing, Agosti 2008, Mjapani Yukiko Ueno alirusha mipira 318 kwa siku moja katika mechi mbili, ya kwanza dhidi ya Marekani na ya pili dhidi ya Australia, zote zikaingia awamu za nyongeza. Kesho yake alirusha 95 zaidi katika fainali, Japani ikaifunga Marekani 3 kwa 1 na kutwaa dhahabu. Mipira 413 kwa siku mbili. Softiboli iliondolewa katika Olimpiki baada ya hapo, na iliporudi Tokyo mwaka 2021, Ueno akiwa na umri wa miaka 39, alikuwepo tena kwenye kibao na Japani ikashinda fainali 2 kwa 0 dhidi ya Wamarekani walewale.

Lakini Beijing ile Ueno alikuwa na miaka 26. Mifupa yake ilikuwa imekomaa, kazi yake ilikuwa kucheza, na usiku ule hakuna aliyemtuma mtoni. Zaidi ya yote, alikuwa mtu mzima anayejiamulia. Msichana wa miaka 13 yuko katika umri ambao mifupa hurefuka upesi kuliko misuli inavyopata nguvu. Kwenye ncha za mifupa hiyo kuna sehemu laini ambako ukuaji unafanyika, na sehemu hizo zikichoshwa bila kupumzishwa huumia kabla ya kitu kingine chochote. Kumpa mtoto huyo mfano wa Ueno bila kumweleza haya ni kumdanganya.

Yapo mambo ambayo kocha hawezi kuyaona hata akiwa hodari namna gani. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Kikapu cha chai kinaning'inia mgongoni kwa kamba inayopita palepale begani. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba huangukia kahawa ikiwa imeiva huku kwetu, na watoto huchuma kuanzia alfajiri, kisha wakasaidia kuipeleka kiwandani. Mtoto anarudi shule Januari, kocha anasema, "Umepumzika vya kutosha, tuanze." Hajapumzika hata kidogo. Anayejua hilo ni mama, na asipoulizwa hasemi, kwa sababu katika desturi zetu mwalimu haingiliwi kazini. Yule wa Manyatta alivuka mstari wa chokaa kwa kuwa hakuwahi kupewa mahali pengine pa kusemea.

Kocha naye huona asichokiona mzazi. Shemeji yangu anamwona binti yake kupitia video za urushaji peke yake. Kocha anamwona akishindwa kudaka mpira mwepesi, anamwona akichoka miguu katika awamu ya tatu, anaona jinsi kiwiliwili kinavyoachia kazi yote mkono kwa sababu nyonga na mapaja hayajafundishwa kusaidia. Alipomhamishia uwanja wa nje alikuwa anamjengea mwili wa kubebea kipaji hicho. Nimeuliza watu waliofundisha michezo mingine huku, wa mbio hasa, na kilio chao ni kimoja: wasichana waliokuwa wakiwaacha wenzao nyuma wakiwa na miaka 14 na ambao hawakuonekana tena walipofika 20. Walifanya jambo moja tu, kwa nguvu zote, mapema mno.

Kinachomsukuma shemeji nakielewa, na sitakipuuza. Sisi wa maeneo haya tumeona michezo ikibadilisha nyumba. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa na miaka 15 kusoma na kukimbia Sendai, na miaka sita baadaye akashinda marathoni ya Olimpiki. Mzazi mwenye karo ya kutafuta akisikia hivyo, kisha aambiwe kwamba vyuo vya Marekani hulipia masomo wasichana wa softiboli, atahesabu kila mechi ambayo binti yake amekaa nje kuwa hasara. Ni kweli vyuo hulipa. Ila hadi mwaka 2025, timu ya chuo katika daraja la juu kabisa ilikuwa na ufadhili wa watu 12 tu, na kocha aliruhusiwa kuugawa vipande vipande kwa wachezaji wengi zaidi, kwa hiyo wengi walipata sehemu ya karo tu. Mlango ni mwembamba, nao unafunguka mtoto akiwa na miaka 17 au 18. Bega likiwa limeharibika miaka minne kabla, video za simu hazitamsaidia.

Kwa hiyo mimi nashika msimamo huu. Kocha ana haki ya kusema leo mtoto harushi. Mzazi ana haki hiyohiyo. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye haki ya kusema lazima arushe. Na msichana mwenyewe akisema bega linauma, mjadala wa wakubwa umefungwa siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama wanadhani anadeka.

Walimu niliowaeleza jambo hili wamenipinga, na pingamizi lao ni zito. Wanasema wapo wazazi watakaoitumia haki hiyo kumbakiza binti nyumbani kila Jumamosi afue na kupika, huku kaka yake akiruhusiwa kwenda mpirani. Tunawajua wazazi hao, wapo Imenti na wapo Mbeere. Ndiyo maana nasema haki ya kukataa kurusha, wala si ya kukataa kucheza. Msichana aliyepumzishwa mkono bado anaweza kukimbia, kujifunza vituo vingine, kukaa na wenzake na kucheka. Na mzazi anayesema mtoto amechoka sana asirushe, kisha akampa mtungi jioni ileile, hajamtetea mtoto. Kama bega linapumzika, linapumzika shuleni na nyumbani pia.

Suala hili litakuwa kali zaidi sasa. Tangu Januari 2026 wanafunzi wanaingia Gredi ya 10 kwa mikondo mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni hatua ninayoifurahia, maana kwa muda mrefu kipaji cha michezo kimechukuliwa kama utoro wa masomo. Ila ina maana kwamba familia inaamua mwelekeo wa masomo ya mtoto akiwa na miaka kama 15, na anayeamua kwa kutegemea urushaji pekee ameuweka mustakabali wa binti yake juu ya kiungo kimoja.

Wenzetu walikwishatunga kanuni. Katika besiboli ya watoto, shirika la Little League la Marekani liliacha mwaka 2007 kuhesabu awamu za mrushaji, likaanza kuhesabu mipira yenyewe: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kupita 85 kwa siku, wa 13 hadi 16 haruhusiwi kupita 95, na wa miaka 14 kushuka chini akifikisha 66 hupumzika siku nne. Katika softiboli yao wamebaki na kuhesabu awamu, pengine kwa sababu ya imani ile ya zamani juu ya mkono unaotoka chini. Mimi ningependa shule zetu zihesabu mipira, tena kuanzia muhula ujao, kabla mchezo haujazoea tabia mbaya. Kinachohitajika ni daftari na kalamu, na mtu wa kukaa pembeni. Mzazi aliyekuja kutazama apewe kazi hiyo. Aandike mipira ya mechi na ya mazoezi, kisha ukurasa huohuo aandike na kazi za nyumbani za wiki: maji, chai, kahawa. Kocha asome kabla ya kupanga timu.

Siku ile Manyatta mwalimu alimtoa msichana. Aliyeingia badala yake alirusha mipira mingi nje ya kipimo, timu ikashindwa, na mwalimu akaanza wiki iliyofuata kufundisha warushaji wawili zaidi. Nkubu mambo bado. Shemeji amekubali kushika daftari, kwa sharti kwamba binti yake arudishwe kwenye kibao. Kocha amekubali awamu moja kwa kila mechi. Shemeji anadai mbili, na Jumamosi hii wanakutana kulizungumzia suala hilo, binti akiwepo.