Giza la Saa Moja

Mtambo wa Rusumo, wilayani Ngara, una megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Sisi wa Ngara na Biharamulo, tuliolelewa na kibatari, leo umeme ukikatika kidogo tu tunanung'unika. Lakini spana ikiteleza ndani ya swichi kubwa yenye umeme, hulipuka mwali ambao joto lake laweza kufika nyuzi 20,000 hivi, kushinda uso wa jua zaidi ya mara tatu. Humwunguza hata asiyegusa waya. Kinga ni kuzima, kufunga kwa kufuli, na kupima kabla ya kushika. Kinga hiyo hutudai giza la saa moja. Je, ndugu msomaji, ni haki fundi alipe kwa ngozi yake subira tuliyomnyima? Anayemhimiza asizime ameishika spana ile pamoja naye, ila mkono wake hauungui.