Kengele si Hukumu



Wafanya biashara wengi wa Kariakoo siku hizi hupanda ndege kufuata mali Dubai na Guangzhou. Tukishaketi twasoma dua ya safari, twafunga mkanda, kisha amana ya roho zetu twamwachia rubani. Je, umepata kujiuliza: kifaa kikiharibika huko angani na kengele ya hatari ikalia, aliyeshika usukani yampasa afanye nini? Swali hili laonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini ni swali la dini pia, nalo latuhusu sisi tulio chini, katika mitaa ya Kongo na Msimbazi, kuliko tudhanivyo.

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya, aina ya Airbus A310, iliruka kutoka Abidjan, Afrika ya Magharibi, ikielekea Lagos. Mara tu ilipoacha ardhi kengele ililia, na maana ya kengele ile ni kwamba ndege yapoteza nguvu ya kuelea hewani. Dawa yake ni kuinamisha pua ya ndege ili ipate mwendo, na rubani aliyekuwa akiiendesha akainamisha. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilikuwa ikiruka sawasawa: kengele ilisema uongo. Mbele palikuwa na bahari na giza tupu, wala hapakuwa na taa ya kumwonyesha mtu kwamba anashuka. Nahodha alipoamuru ipandishwe, wakati ulikuwa umekwisha. Ndege iliingia baharini nusu dakika hivi baada ya kuruka, na katika watu 179 walikufa 169.

Wazee wetu walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Basi tazama ajabu ya msiba ule. Lililosemwa halikuwapo; lilikuja kwa sababu lilisadikiwa.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Amri hii haisemi kwamba kengele ipuuzwe. Yasema kwamba kengele ni habari tu. Hukumu ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo pana kazi ya kufanywa.

Utasema: rubani yule alikuwa na nusu dakika tu, angepeleleza saa ngapi? Ni kweli, wala si haki sisi tulioketi barazani kumlaumu. Uhakika wa saa ya hatari huandaliwa saa ya salama. Ndiyo maana marubani hufanyishwa mazoezi katika mashine zinazoigiza hatari, wajifunze kwanza kuishika ndege imara, kisha kulinganisha kipimo na kipimo. Na ndiyo maana dhima kubwa iko juu ya mwenye kukiunda kifaa.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Shirika la Ethiopia, Boeing 737 MAX, ilianguka dakika 6 baada ya kuondoka Addis Ababa kuja Nairobi, na watu wote 157 wakafa. Ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189. Katika misiba yote miwili kipimo kimoja kilitoa habari ya uongo, na mtambo wa ndege ukaisadiki, ukawa unaisukuma pua chini tena na tena, na marubani huku wanaivuta juu. Vipimo vilikuwa viwili, kimoja kila upande wa pua, lakini mtambo ule ulisikiliza kimoja tu! Sisi tulioamrishwa katika Sura ya Al-Baqara tuweke mashahidi wawili hata katika deni, twaielewa vizuri kasoro hiyo. Mtambo ulirekebishwa ulinganishe vipimo vyote viwili, lakini baada ya roho 346 kupotea.

Tazama na upande wa heri. Tarehe 4 Novemba 2010, ndege kubwa ya Qantas, Airbus A380, ilipasukiwa na injini moja baada ya kuondoka Singapore ikiwa na watu 469. Maonyo yalimiminika kwa makumi. Marubani walikuwa watano. Waliihakikisha ndege kwanza, wakayapitia maonyo moja moja, wakashauriana, na baada ya saa mbili hivi wakatua Singapore, wala hakuna aliyeumia. Hiyo ndiyo shura.

Sasa tushuke chini. Adhuhuri, Kariakoo imejaa, mtu mmoja anapiga ukelele: "Mwizi!" Hiyo ni kengele. Mara mawe yameokotwa, tairi limeletwa, na hakuna anayeuliza nani kaibiwa, kaibiwa nini, nani kaona. Huenda aliyekuwa akikimbia alikuwa akiwahi daladala. Na hata kama ameiba kweli, nani amekufanya wewe kadhi? Hebu fikiri abiria wote wa ndege wainuke kwa pamoja kuugombania usukani!

Rubani wa Abidjan alikuwa na udhuru: giza na nusu dakika. Sisi udhuru wetu ni upi? Jua linawaka, watu tele, na Kituo cha Polisi cha Msimbazi kiko pale pale. Basi, ndugu yangu, ukelele usiupuuze, kwani aliyeibiwa ana haki yake. Mshike mtuhumiwa asitoroke, mkinge asipigwe, mwulize shahidi, kisha mtafute wa pili, halafu mpelekeni kituoni. Na azimio hilo lifanye leo, ungali umetulia, kwani siku ya ukelele hutapata nafasi ya kujifunza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kutenda, wala asitujaalie kuwa wenye kujuta juu ya damu isiyorudi. Amin.