Mfereji Usiopitisha Kitu

Aristotle alifundisha kwamba kila kiungo cha mnyama kipo kwa ajili ya kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo inayokieleza. Protini ya CaV1.1 inaliweka fundisho hilo kwenye mtihani.

Hukaa kwenye utando wa seli za misuli inayoshikana na mifupa, na umbo lake ni la mfereji wa kalsiamu. Lakini katika msuli uliokomaa hupitisha kidogo mno, tena polepole. Shughuli yake hasa ni kuhisi badiliko la umeme, kisha kuichochea protini jirani, RyR1, ifungue ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli. Hapo msuli hukaza. Mwaka 2017 watafiti wa Innsbruck, Austria, walieleza habari za panya ambao mfereji wao haukupitisha kalsiamu hata chembe. Misuli yao ilifanya kazi kama kawaida. Panya wanaozaliwa bila protini yenyewe hufa papo hapo, maana hawawezi kupumua.

Tumboni mambo ni mengine. Protini ya kijusi haina kipande kifupi cha asidi amino 19, hivyo hufunguka kwa umeme mdogo na kuingiza kalsiamu nyingi. Mnyama akikua, kipande hicho huongezwa.

Basi lengo lake ni lipi: kupitisha, au kuhisi? Aristotle hajashindwa. Wanaokosea ni wale wanaosoma lengo kwenye umbo peke yake, bila kuuliza umri wala mnyama mwenyewe. Katika samaki kama vile samaki-pundamilia wa maabara, mfereji huo haupitishi kalsiamu kabisa, nao wanaogelea vizuri.