Anza na Soksi, Mwanangu

Mwanangu, swali hili la suti ya kuzamia nimelijibu mara nyingi hata sauti imechoka, lakini wewe ni mgeni wa maji ya baridi, basi tulia nikueleze taratibu. Umetoka Nungwi, kwenye bahari ya nyuzi 26 hadi 29, ambako mzamiaji hutia mguu mtupu ndani ya pezi na shughuli ikaisha. Sasa unataka kwenda Scapa Flow, kule Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ukazione manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Nia njema. Ila maji ya kule, hata kiangazi, ni nyuzi 12 au 13 tu, na manowari kubwa zimelala karibu mita 40 chini. Pale huendi bila suti kavu, ile isiyoingiza maji.

Nakusikia unauliza rangi ya suti, unauliza bei, unauliza zipu. Miguu huiulizi. Vijana wote ndivyo mlivyo.

Suti nyingi za siku hizi ni ganda la kuzuia maji tu. Joto linatunzwa na hewa iliyotulia ndani ya nguo za chini na soksi nene. Kwa hiyo buti la suti likikubana, linaiminya soksi, hewa inatoka, damu haiteremki sawasawa, na vidole vinakufa ganzi kabla hujaiona manowari yenyewe. Ukisikia baridi ukaongeza soksi ya pili ndani ya buti lile lile, umejizidishia baridi. Soksi iwe ya sufu au ya kitambaa maalumu cha wazamiaji. Pamba iache nyumbani. Ikishika jasho haikauki.

Basi utasema, nachukua buti kubwa nipumue. Subiri kwanza.

Ukishuka, maji yanaibana suti, nawe unaongeza hewa kwa vali ya kifuani. Ukipanda, hewa hiyo inatanuka, na huna budi kuitoa kwa vali ya begani. Hewa haina adabu, hukimbilia palipo juu. Miguu ikiinuka kuliko kichwa, yote inahamia miguuni, na miguuni hakuna vali. Buti linalopwaya linajaa kama puto, kisigino kinachomoka, pezi linaanguka, nawe unapandishwa juu kichwa chini miguu juu, kwa kasi usiyoitaka. Kupanda namna hiyo kutoka mita 40 kunaweza kukuua au kukuacha kilema. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huku kwetu guu halivunjiki, linaelea. Dawa yake ni kukunja magoti kifuani, kujibiringisha, kisha kutoa hewa mara kichwa kinaporudi juu. Ifanyie mazoezi pamoja na mwalimu, kwenye maji mafupi, si Orkney.

Kuna suti zilizogandishwa buti za mpira kabisa. Unavaa, umemaliza, na kwenye boti inayoyumba hilo ni jambo la kushukuru. Ubaya wake, kipimo kimeamuliwa kiwandani, na mara nyingi sehemu ya kifundo huachwa pana. Nyingine huishia kwa soksi laini ya mpira, halafu juu yake unavaa buti ngumu za kufunga kamba. Mimi nakuchagulia hizi. Kamba zinakaza kifundo, hewa haipati pa kujilundika, na soli ikilika unabadilisha buti bila kuigusa suti. Lakini usithubutu kukanyaga sitaha na ile soksi tupu; chembe moja ya chuma inatosha kuitoboa. Suuza mchanga kabla ya kuvaa, na ncha za kamba zichomeke ndani zisije zikanasa kwenye vyuma vya manowari.

Mapezi yako ya Nungwi mpe mdogo wako. Haya ya kuvaa kama kiatu hayaingii buti. Tafuta ya mkanda wa nyuma, mdomo mpana na wenye kimo, maana soli nene hula nafasi ya juu pia. Yale mazito ya mpira mtupu yanakufaa zaidi, kwa sababu yanazama na kuivuta miguu chini. Wapo watakaokushauri ujifunge vizito vya risasi vifundoni. Hukatazwi, ila kila teke utalilipia kwa pumzi, na mtungi haukopeshi. Rekebisha buti kwanza.

Nenda dukani na soksi zako zile zile utakazozamia nazo. Vaa, funga kamba, chuchumaa, panda ngazi, kisha jaribu pezi juu ya buti. Muuzaji akikwambia buti litalegea lenyewe ukilizoea, mshukuru, utoke, utafute duka jingine.